Mama Chizi na Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Wasikilizaji wapendwa, kuanzia Migori mjini hadi Homa Bay kando ya ziwa, sogezeni viti karibu na redio. Kama unakula, maliza kwanza. Nasema hivyo kwa nia njema. Habari ya leo ina kinyaa ndani yake, na mwenye habari mwenyewe angetaka mwambiwe mapema.

Leo tunamkumbuka Nyakerario Onyancha. Nyakerario Onyancha wa Migori. Aliaga dunia wiki iliyopita kwa ugonjwa wa kiharusi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na Jumapili akazikwa. Alikuwa mlezi wa watoto wadogo, nyuma ya soko la mboga. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Chizi. Jina hilo nitalirudia mara nyingi, maana nusura limmalize.

Nyakerario alikuwa mtu wa kinyaa. Binti yake Dolphine, anayepika katika hoteli moja huko Homa Bay, alituambia hivi: "Mama akiona unywele kwa mboga, sufuria mzima inaenda kwa kuku. Na hao kuku wenyewe alikuwa anawaonea kinyaa." Bakuli likiwa na harufu ya yai, alilisugua kwa jivu mara mbili. Nzi ndio hasa walikuwa maadui zake. Nzi akitua kwenye kikombe, chai ilimwagwa, hata kama kikombe ni cha mgeni na mgeni bado anakunywa.

Sasa mchukue mtu kama huyo, umpe watoto wa soko zima awalee. Ndiyo kazi aliyoifanya. Akina mama wauza mboga na samaki walimwachia watoto alfajiri, kila mtoto na chakula chake cha mchana. Na chakula chenyewe, wasikilizaji wapendwa? Juisi ya rangi ya waridi kwenye kifuko, na pakiti ya vile vitafunwa vya rangi ya machungwa vinavyolia kwa-kwa-kwa mdomoni. Kabla jua halijawa kali, vidole vilikuwa vya machungwa. Mashavu ya machungwa. Kola za nguo za machungwa. Na mniwie radhi, hata nepi zilikuwa za machungwa. Nyakerario ndiye aliyezibadilisha, kwa hiyo alijua alichokuwa akisema.

Juu ya pakiti kuliandikwa kwamba ndani mna ladha ya jibini. Ladha tu. Jibini lenyewe halikuwamo hata la kusingiziwa.

Ndipo siku moja akaenda Homa Bay kumtembelea Dolphine. Akamkuta jikoni akichemsha maziwa na kuyakamulia ndimu. Maziwa yakakatika mapande mapande. Dolphine akayachuja kwenye kitambaa, akayakandamiza, akamkatia mama yake kipande.

Nyakerario alikinusa tu. Akatoka mbio hadi nyuma ya jiko, na huko nyuma ya jiko akatapika.

"Nyasaye wangu!" akamwita Mungu aliporudi. "Hii si maziwa imeharibika?"

"Ni chizi, mama," Dolphine akamjibu, maana hotelini jibini huliita hivyo kwa Kiingereza. "Watoto wa wageni wanalamba sahani."

Wengine tungeondoka na kuisimulia kama kichekesho. Nyakerario alifuta mdomo, akauliza inahitaji vitu gani. Maziwa, ndimu, kitambaa kisafi. Basi. Kinyaa chake mwenyewe aliweza kukibeba. Kile cha kuona watoto wakilelewa kwa unga wa rangi kilimshinda.

Kuanzia hapo watoto wa soko la Migori walikula vizuri kuliko wengi wetu. Ugali uliobaki jana aliukata vipande, akaukaanga kidogo na kuuvurugia jibini na nyanya. Viazi vitamu aliviponda pamoja na jibini, akafinyanga vidonge vinavyoenea katika kiganja cha mtoto. Yai moja, jibini kidogo na sukuma iliyokatwa nyembamba, watoto watatu wanashiba. Chapati aliipaka jibini, akaikunja, akaikata. Yale maji yanayobaki kwenye kitambaa aliyapikia uji. Hakuna kilichochukua muda wala kilichotaka mfuko mnene.

Yeye mwenyewe wakati huo wote hakuonja hata siku moja. Alipika akiwa amejifunga leso puani. Jirani yake Priscah, muuza nyanya, ndiye aliyeonja na kumwambia kama chumvi inatosha.

Sasa tuje kwenye lile jina. Watoto walirudi nyumbani wakasema, "Leo tumekula chizi." Na ninyi mnajua, hapa kwetu chizi ni nani. Chizi ni mtu aliyerukwa na akili, anayezungumza peke yake kwenye stendi. Beverlyne Adhiambo, muuza samaki, alisikia hayo kwa mwanawe Levi, akaja mbio, mikono ingali na magamba.

"Nyar Kisii!" akaita, maana ndivyo alivyozoea kumwita, binti wa Kisii. "Mtoto yangu anasema umemlisha chizi! Chizi gani? Nani amepikwa hapa?"

"Hakuna mtu amepikwa, mama Levi. Ni jibini."

"Jibini ndio nini?"

"Ni maziwa imeganda."

"Yawa! Kwa hivyo ni maziwa imeharibika. Ungeniacha tu na ile ya chizi."

Soko lilicheka hadi jioni. Levi akaendelea kula, akanenepa, na Beverlyne akatulia. Lakini jina likamganda Nyakerario. Mama Chizi. Alilichukulia kama utani, akaliitikia.

Maziwa aliyanunua kwa Obare. Obare alikuwa mchuuzi wa maziwa, mcheshi, akizunguka na pikipiki yenye madumu pande zote mbili. Maziwa yake yalisifiwa kwa jambo moja: hayakuharibika. Mama aliyenunua alfajiri aliyakuta mazima jioni, bila friji, katika joto letu hili. Watu waliona ni baraka.

Sikilizeni vizuri hapa. Nyakerario alikuwa Msabato. Ijumaa kabla jua halijazama alifunga kazi zote, na Jumamosi hakuwasha moto wala kufunua sufuria. Basi Ijumaa moja, ndimu zilipoadimika sokoni, aliamua kuyaacha maziwa ya Obare, mabichi vilevile, yachache yenyewe yawe mala. Jumapili atayapasha moto yakatike, apate jibini lake. Sabato ikapita. Jumapili asubuhi akajifunga leso puani kama kawaida, akafunua.

Maziwa yalikuwa maziwa. Meupe, mepesi, hayana hata harufu ya uchachu. Yalikuwa kama yaliyokamuliwa dakika ile.

Akayaacha tena. Jumatatu bado. Akamimina kidogo kwenye kisosi, akakiweka mlangoni karibu na jalala la soko, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Nyakerario Onyancha akakaa kitako kumsubiri nzi. Nzi walikuwa tele, kwenye maganda, kwenye utumbo wa samaki, kwenye matako ya watoto. Kwenye kisosi hakutua hata mmoja.

Priscah anasema alimkuta pale kwenye kigoda, amekunja uso. "Akaniambia, Priscah, hata nzi amekataa. Na mimi nimekuwa nikiwapea watoto."

Hapo ndipo alipokumbuka thamosi. Mtoto wa Obare, msichana mdogo, alilelewa hapo hapo kwa Nyakerario. Kila siku alikuja na thamosi ya maziwa ya ng'ombe wao wa nyumbani. Mke wa Obare alisisitiza: huyu asipewe yale mengine, tumbo lake ni laini. Nyakerario alidhani ni maringo.

Wasikilizaji wapendwa, mimi mtangazaji wenu naomba nichafuke roho kidogo. Mtu anamimina dawa ya kuzuia kuharibika, asiyojua vipimo vyake, kwenye maziwa ya watoto wa wenzake. Halafu wa kwake anamfungia ya kwake kwenye thamosi! Inachefua. Nimetafuta neno la adabu zaidi, sijalipata.

Nyakerario hakunyamaza. Alilisema sokoni, kwa sauti. Na Obare hakuhitaji hata kujitetea. Alicheka, akageukia watu, akasema, "Mnasikiliza nani? Si nyinyi wenyewe mnamwita chizi? Anawapea watoto maziwa imeoza, yangu ambayo ni safi anaiita sumu."

Neno la utani likageuka rungu. Watu walewale waliolicheka sasa walilitumia kwa dhati, wakasema hata jibini lake linaleta wazimu. Mama mmoja akamtoa mtoto, kisha mwingine, na kabla wiki haijaisha chumba kilichojaa kelele kilibaki na watoto wawili tu, mmoja wao Levi. Wengine wakarudi kwenye pakiti zao za machungwa, wakishushia na maziwa ya Obare.

Dolphine alimwomba mama yake aache, aende akae naye Homa Bay. Akakataa. "Nikienda, hao watoto watakunywa hiyo kitu hadi lini?"

Asubuhi moja Obare aliposimamisha pikipiki sokoni, Nyakerario alimfuata. Mkono mmoja sahani ya jibini, mkono wa pili kikombe cha maziwa ambayo Priscah alikuwa ametoka kuyanunua kwenye dumu la Obare, watu wote wakiona.

"Mnasema chizi yangu inaleta wazimu," akawaambia. "Mimi nayo sijawahi kula, na mnajua. Sasa angalieni."

Akafungua leso puani, akatia kipande mdomoni. Priscah alikuwa hatua moja tu kutoka pale: "Machozi yalimtoka. Shingo ilisimama mishipa. Nilidhani atatapikia nyanya zangu. Akafunga mdomo na kiganja, akameza. Halafu akachukua ingine."

Akakila na hicho. Kisha akamnyooshea Obare kikombe.

"Nimekula yangu. Sasa wewe kunywa yako."

Obare akacheka. "Mimi sinywi maziwa, mama. Inanifunga tumbo."

"Basi mtoto wako."

Nyakerario hakusogeza kikombe hata kidogo. Hakuwa na nia ya kumpa mtoto yeyote. Lakini mke wa Obare alikuwa amesimama pale pale, mtoto kiunoni, na kabla hajajijua akapiga kelele:

"Usimpe!"

Mke wa Obare akajiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Beverlyne Adhiambo ndiye wa kwanza kuchukua chupa yake ya maziwa na kuimwaga mtaroni. Wengine wakafuata, na mtaro ukawa mweupe.

Obare hakurudi tena hapo. Nasikia angali anauza maziwa, mji mwingine, na kwamba bado wanamsifu. Mji wenyewe siutaji kwa kuwa sina hakika. Hilo nalo linanitia kichefuchefu.

Watoto walirudi wote. Hata msichana wa Obare alirudi, akiletwa na mama yake, bila thamosi. Nyakerario sasa alinunua maziwa kwa mama mmoja Mkuria aliyefuga ng'ombe wawili, maziwa yanayoganda yanapotakiwa kuganda. Hakuna aliyemwomba msamaha. Waliendelea kumwita Mama Chizi, naye akaendelea kuitika. Jioni ya siku ile aliyokula jibini alimpigia Dolphine simu: "Sasa nimejua mnakula nini. Ni mbaya kuliko vile nilifikiria." Hakuonja tena hadi anaingia kaburini.

Kwenye matanga, wasikilizaji wapendwa, chai ilikuwa ya rangi. Waombolezaji wengine walinung'unika kwamba familia imebana mkono. Dolphine aliwajibu kwa upole: "Maziwa ililetwa mingi. Hatukujua imetoka kwa nani."

Kwa niaba ya wote tunaosikilizana saa hii, pole zetu zimfikie Dolphine, ndugu na jamaa wote wa marehemu, Priscah na akina mama wa soko, pamoja na watoto ambao wiki hii wanamuulizia mlezi wao. Nyakerario Onyancha wa Migori, pumzika salama.

Nasi tuliobaki tutafakari. Kesho asubuhi utanunua maziwa ya mwanao. Usimuulize mchuuzi kama ni safi, maana atakujibu ni safi. Muulize mtoto wake anakunywa yapi.