Dkt. Gelavij Moradvaisi na Kijiji cha Tisa

(Wasifu uliosomwa na mpwa wake, Shilan, makaburini Sanandaj, siku ya arobaini, 21 Oktoba 2019)

Dkt. Gelavij alizaliwa tarehe 6 Aprili 1949 mjini Marivan, mtoto wa pili wa Mzee Karim, mshonaji wa viatu vya uzi, na Bi. Hapsa. Mama yake alisimulia kwamba alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo hakukaa. Dukani kwa baba yake alikuwa akijificha chini ya meza na kuiga wateja, wa mlimani kwa lafudhi yake, wa bondeni kwa yake. Baba akamwambia, "Mwanangu, watu wamekuja kununua viatu, hawakuja kuibiwa sauti."

Alisoma shule ya msingi Marivan na sekondari Sanandaj, kisha mwaka 1967 akaingia chuo kikuu Tehran. Nyumbani Kikurdi, darasani Kifarsi. Akawachosha walimu kwa kuuliza ulimi unakaa wapi Mfarsi anapotamka hivi, na unakwenda wapi Mkurdi anapotamka vile. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1976.

Huko chuoni alikutana na Bahman Golestaneh wa Shiraz, mtaalamu wa sarufi ya Kifarsi, mtu wa kukaa na sentensi moja toka asubuhi hadi adhuhuri. Walifunga ndoa tarehe 14 Julai 1974. Bwana Bahman alizoea kula huku begi la mkewe likiwa tayari mlangoni.

"Geli, keti basi, wali unapoa."

"Wali utapashwa moto, Bahman. Wazee wangu wakifa nitampasha nani?"

Mwaka 1977 alizunguka vijiji tisa kati ya Marivan na Saqqez akirekodi wazee na watu wazima. Akaandika kwamba huko watu hutamka "s" kwa kupitisha pumzi ubavuni mwa ulimi, nzito na ya kuburuta, tofauti na Wakurdi wengine wote. Makala hiyo ndiyo iliyompa jina. Wanafunzi walifundishwa hivyo, wakatahiniwa pia.

Miaka kumi baadaye alirudi kijiji cha kwanza na mashine mpya ya kurekodi. Mzee Hama Rashid akamtazama, akauliza, "Binti yangu, leo pia nizungumze na sukari mdomoni, au niteme?"

"Sukari gani, baba?"

"Kama siku ile. Wewe na chai yako, sisi na chai yetu. Mgeni anauliza, mwenyeji ateme? Si aibu hiyo?"

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kwetu chai hupita kwenye kipande cha sukari kilichobanwa shavuni. Mgeni haikatai, na mwenyeji hatemi mbele ya mgeni. Mtafiti kutoka ng'ambo angeligundua jambo hilo siku hiyo hiyo. Yeye hakuligundua, kwa sababu na yeye alikuwa na kipande chake shavuni.

Alikaa siku mbili hali chakula. Bwana Bahman akamwambia, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Andika kwamba ulikosea."

"Wataniita Bibi Sukari."

"Watakuita. Mimi nitacheka pamoja nao, halafu nitakuendeshea gari."

Aliandika, na kweli wakamwita. Lakini wengine walibisha kwamba pengine sukari iliharibu kijiji kimoja tu. Hapo akaapa kuwarekodi upya wazungumzaji wale wale, vijiji vyote tisa, midomo ikiwa mitupu. Vita vya miaka ile ya themanini vilikuwa vimewatawanya. Aliwafuata Kermanshah, akawafuata Karaj, chumba kwa chumba. Familia haitasema uongo kaburini: alikosa siku ya kuvishwa pete binti yake, Zhino, kwa ajili ya mzee mmoja wa Karaj, na Zhino alinuna mwaka mzima. Ilituuma. Hadi mwaka 2015 vijiji vinane vilikuwa vimekamilika. Cha tisa, Kani Gulan, kilibakiwa na mzungumzaji mmoja tu aliye hai, Bibi Aftaw, ambaye hakuna aliyejua alikohamia.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2018, akakificha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Julai mwaka huu alimpata Bibi Aftaw kwa simu huko Saqqez, na wiki hiyo hiyo akalazwa hospitali hapa Sanandaj kwa saratani ya mapafu. Mara tatu alipanga safari akiwa kitandani, mara tatu daktari akamzuia. Alfajiri ya Alhamisi, 12 Septemba 2019, alimshika mumewe mkono akasema, "Bahman, kimoja kimebaki." Akafariki.

Siku ya tatu ya matanga, Bibi Aftaw, mwenye miaka themanini na minane, aliletwa na mwanawe. Sinia ya chai ilipopita, alifunika bilauri yake kwa kiganja.

"Kunywa, mama, umetoka mbali," Zhino alimsihi.

"Sinywi. Marehemu alinipigia simu, akaniambia, 'Siku tutakayoonana usiwe na sukari mdomoni.' Basi tumeonana hivi. Mashine iko wapi?"

Bwana Bahman aliileta. Zhino ndiye aliyebonyeza kitufe. Bibi Aftaw alisema maneno yote hamsini ya orodha ya marehemu, na kila "s" ilitoka katikati ya ulimi, safi, kama ya kila mmoja wetu. Ikathibitika hivyo: mwaka 1977 Dkt. Gelavij alikosea, na alipokiri kosa lake alisema kweli.

"Imetosha?" Bibi Aftaw aliuliza.

"Imetosha, mama," Bwana Bahman alijibu, akalia mbele za watu.

"Basi nipeni chai yangu. Na sukari."

Marehemu ameacha mume, Bwana Bahman, binti, Zhino, na mumewe, Rebin, wajukuu wawili, kaka, Osman, wapwa watano, na kanda za vijiji tisa. Begi lake tumeliondoa mlangoni.

Mwenyezi Mungu amjaalie kauli thabiti. Apumzike sasa, hakuna kilichobaki.