Meli, Siyo Meru

Ndani ya Kosta ya kwenda Kikatiti, Agnela alijitapa kidogo kwa mzee Gadiel, jirani yake wa kiti: anatafiti wezi wa mtandaoni wanaoziandama meli.

"Meru?" mzee aling'aka. "Meru hatuna wezi, mwanangu!"

"Meli, baba, za baharini. Wanachezea mitambo, nahodha anaonyeshwa yuko mahali ambapo hayupo."

"Kwani hana macho?"

"Atatazama nini, baba? Kote maji."

Mzee aliutazama Mlima Meru dirishani kana kwamba ameujenga yeye. "Ndiyo maana nasema Meru hatuna wezi. Huu nani atauhamisha?"

Agnela alicheka. Gari liliposimama Kikatiti, ramani kwenye simu yake ilikuwa bado inashikilia kwamba wako Usa River, mji waliokwisha kuupita.