Mwano wa Kongo

Bujiku hutamba kwamba akipanda gari hulala kama gogo, umbea wa abiria haumhusu. Noah ya Lagangabilili haijatoka hata stendi ya Bariadi, tayari alikuwa amefumba macho na kufungua masikio yote mawili.

Mbele yake mama mmoja alikuwa akimweleza mzee asiyemjua habari za mwanawe Mayala, askari aliye Kongo kwenye kikosi cha nchi nyingi. Muda wake umeisha, ameombwa abaki mwaka mwingine, naye hatakubali mpaka mama aridhie. Jibu linatakiwa leo.

"Ridhia, mayu," mzee akasema. "Wale wamevamiwa, wamepiga mwano, yowe la kuomba msaada. Yowe likipigwa Lalago, si sungusungu wa vijiji vyote wanatoka na pinde zao? Asiyetoka tunamtenga."

"Baba, kwenye mwano watu wanafuata nyayo za ng'ombe walioibwa, wanarudi, mwenye mali anachinja wanakula. Huu wa Kongo mbona hauna kurudi? Na mwanangu nani anamchinjia?"

"Sasa wakiita tena, tujifanye hatusikii?"

"Waende na wengine! Mimi nimeshatoa mmoja, na ndiye huyohuyo niliye naye."

Mzee akamgawia michembe yake, vipande vya viazi vikavu. Wakatafuna pamoja, kila mmoja na msimamo wake.

Noah ikasimama. Mama akashuka, simu mkononi, bado hajapiga.

Bujiku akajinyoosha na kupiga mwayo mrefu. Violeth, dada aliyeketi kando yake, akamtazama shavuni.

"Kaka, usingizi wako huwa unatoa machozi?"