Baiskeli Ambayo Fundi Mwenyewe Hakuthubutu Kuipanda

Bwana asifiwe. Na majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko leo, asalaam aleikum. Mwenyekiti ameniambia niongee nikiwa nimeketi kwa sababu ya mguu. Asante, mwenyekiti, lakini nitasimama. Nimekaa vya kutosha.

Wengi mnanijua kama mama wa akala. Nachukua viatu vya matairi kule soko la Kariokor kwa jumla, nasambaza kwa maduka ya mtaa wa Jericho. Miaka mingi nilibeba mzigo huo kwa baiskeli ya kawaida, ile nyeusi nzito, gunia nyuma kwenye keria. Magoti yalipoanza kunisumbua, nikasikia kuna fundi anayefunga mota ya umeme kwenye baiskeli za kawaida. Jina lake silitaji. Akisikia haya atajijua.

Nikampelekea baiskeli yangu na nikamwambia wazi, "Nataka inisaidie kupanda mlima na mzigo. Sitaki mbio." Ndugu zangu, nawaambia, maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu, na yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Nilipoenda kuichukua, mota ilikuwa kwenye gurudumu la mbele, betri chini ya keria. Nikaijaribu hapo nje, ikachomoka mpaka nikapiga kelele. Fundi akacheka.

"Mathe, nimekutolea kile kitu huzuia spidi. Ni waya tu nimekata. Sasa hata watu wa boda watakula vumbi yako."

Nikamuuliza, "Na breki?"

"Breki ziko fiti. Wewe zoea tu."

Zoea tu! Breki zenyewe zilikuwa zilezile nilizokuja nazo, vipande vya raba vilivyotengenezewa mtu anayekanyaga pedali kwa miguu yake. Mimi si fundi, jamani. Niliuliza aliye fundi, akanijibu. Mlitaka nifanye nini tena?

Mwanzoni nilienda nayo polepole. Lakini nawaambia ukweli, mashine ile haikujua polepole. Ukigusa mkono wa mafuta, kama tunavyouita ingawa mafuta hayamo, inaruka. Na haina kelele. Pikipiki ikikimbia hata mwenyewe unasikia kwamba unakimbia. Hii inanyamaza, mpaka unashtukia nguzo za stima zinakupita mbio.

Asubuhi moja natoka Kariokor, gunia limejaa, manyunyu yamelowesha lami. Nikashika mteremko. Mbele yangu mtu wa mkokoteni wa maji akaanza kuvuka barabara, na mitungi imepangwa mpaka juu. Nikaachilia mkono wa mafuta, nikabana breki zote mbili kwa nguvu zangu zote. Zikalia, na baiskeli ikaendelea kama vile sijafanya kitu. Usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Nikaona mgongo wa yule mtu na fulana yake iliyotoboka. Nikasema, Mungu wangu, namuua mtu. Nikakata kona, nikaingia mtaroni.

Nilipotazama mguu wangu, ulikuwa umejikunja mahali pasipo na goti.

Watu wakajaa, wengine wameinua simu. Nikiwa bado kwenye maji machafu nikasikia sauti ya mwanamume ikisema, "Si ni mama! Wamama na mashine ya umeme wapi na wapi?" Hakuuliza nani aliifunga. Hakuuliza breki iko wapi. Aliona rinda, akamaliza kesi.

Lakini yule wa mkokoteni, yule niliyekaribia kumuua, alishusha mitungi yake yote kando ya barabara. Akawaambia wenye simu, "Wekeni hizo vitu mfukoni, mshike huyu dada." Wakanilaza kwenye mkokoteni, akanisukuma mpaka hospitali huku akiniambia, "Vumilia, dada, tunafika."

Nilitiwa vyuma mguuni. Nikarudi nyumbani nikawa mtu wa kubebwa hadi chooni. Baba watoto anatoka kiwandani amechoka, anaanza kupika. Binti yangu ananiogesha, mimi niliyemwogesha yeye. Biashara ikalala.

Tukampelekea fundi habari. Nilifikiri atakuja hata kunipa pole. Mnajua jibu lililorudi? "Mwambieni alibana breki vibaya. Wamama hawajui breki."

Na mimi nikaanza kuamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko vyuma. Nikalala nimeelekea ukutani, nikijiambia kwamba nilijitakia. Watu wa kanisani walikuja kuomba, nikajifanya nimelala.

Aliyenitoa hapo ni jirani yangu, mama Mwislamu tunayeishi mlango kwa mlango. Alikuwa akiniletea uji kila asubuhi. Siku moja akaweka kikombe chini, akaniuliza, "Dada, ile baiskeli kabla ya mota, uliendesha miaka mingi?"

"Mingi."

"Na mzigo?"

"Na mzigo."

"Ulimgonga nani?"

"Sikugonga mtu."

"Basi mikono yako ilisahau breki siku ile fundi alipofunga mota? Inuka, mama. Hasira hii umeilekeza kwa mtu asiyehusika."

Wapendwa, niliinuka. Alinishika mkono tukatembea kwenye ujia wa nyumba zetu, mimi na magongo, mpaka nikaweza kufika barabarani. Na nilipoweza kufika barabarani, nikamwambia anisindikize kwa fundi.

Tulimkuta anamkabidhi baiskeli kijana wa kusambaza mikate. Mota mbele, breki za raba, kila kitu kama yangu. Anamwambia, "Hii ni moto, bro. Nimetoa kizuizi."

Nikasema, "Fundi, habari yako. Kabla hajaipanda, panda wewe."

Akanitazama, akatazama magongo. "Mathe, sasa hayo ni mambo gani?"

"Weka kreti za mikate nyuma. Shuka nayo mteremko huu kwa ule mwendo unaomsifia. Ukifika kwenye kibanda cha makaa, simama. Mimi sijui breki. Nionyeshe."

Wateja wakageuka. Wenye vibanda wakasogea. Akacheka, hakuna aliyecheka naye.

"Niko na kazi, mathe."

"Kazi yako si ndiyo hii?"

Akazitazama zile breki. Kisha akasema, chini chini, lakini tulisikia sote, "Na mzigo siwezi. Hizi breki haziwezi kusimamisha hiyo spidi."

Ndugu zangu! Alijua! Alijua siku aliponiambia nizoee, na alijua alipotuma yale maneno nikiwa kitandani. Kile asichothubutu kupanda yeye, alimpa mama mwenye gunia. Kijana wa mikate aliegemeza baiskeli ukutani akaondoka. Mimi nililia pale barabarani, kwa hasira, si kwa huzuni.

Leo natembea bila magongo. Nimerudi kwenye baiskeli, ina mota ndogo niliyofungiwa na fundi mwingine. Mwendo wake ni wa kiasi, breki zake ni mpya, na alizijaribu na mzigo nikimwangalia. Siwaambii muogope umeme. Nawaambia msikubali kuuziwa mbio bila kuuziwa namna ya kusimama, na mkiumia, msikubali kubebeshwa lawama ya mtu mwingine.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mtu wa mkokoteni, ambaye mitungi yake iliibiwa ile siku na hakunilaumu hata kidogo. Namshukuru baba watoto na binti yangu. Na wewe jirani, umekaa pale nyuma unajificha na mtandio, nakuona; Mungu akuzidishie.

Fundi yule bado anafunga mota. Jana mama mmoja wa mtaa wa Ziwani alinipigia kuniambia mumewe ameacha baiskeli pale. Kesho asubuhi naenda naye kuitoa. Anayetaka kutusindikiza tukutane hapo langoni, na tuwe wengi.