Namba Kumi na Nne Katika Daftari la Wenye Afya

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mzee Tone, alizaliwa tarehe 9 Machi 1955, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mpishi wa shule. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba huyu hakulia alipozaliwa. Alikodoa macho kwanza, akakichunguza chumba, ndipo akalia. Ushahidi hatuna, lakini waliofanya naye kazi hawajabisha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, na sekondari hadi 1972. Siku mwalimu wa sayansi alipoleta darubini pekee ya shule, darasa zima lilipanga foleni kutazama utando wa kitunguu. Zamu yake ilipofika, hakubanduka. Kengele ikalia, wenzake wakamfokea, naye akajibu bila kuinua jicho, "Subirini, sijamaliza kuhesabu." Aliadhibiwa kufagia maabara wiki nzima, na mwalimu hakujua kwamba amempa zawadi.

Alipata stashahada ya maabara mwaka 1976, na tarehe 1 Agosti mwaka huo akaanza kazi katika maabara ya hospitali, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye mlango wa kijani usiofungika vizuri. Jina lake lilizaliwa humo. Alimwambia kila mgonjwa, "Tone moja tu, usiogope," kisha akajaza vichupa vinne. Mwaka 1981 alimwambia hivyo mwalimu mmoja wa chekechea. Yule dada alivitazama vichupa, akauliza, "Kaka, kwenu tone linapimwa kwa ndoo?"

Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982. Bwana harusi alichelewa dakika arobaini, kwa sababu kulikuwa na damu kwenye mashine na damu ikikaa huharibika. Bibi harusi hakuharibika, ila alinuna hadi picha ya mwisho. Picha hizo tunazo.

Mwaka 1997 hospitali ilianza utafiti wa maradhi ya figo. Watafiti walitaka kujua kama kuna kitu kwenye damu kinachoweza kutangulia kutoa taarifa, kabla nyama yenyewe ya figo haijaharibika sana. Wagonjwa walipatikana. Shida ilikuwa watu wenye afya wa kulinganisha nao, maana nani atakubali kuchomwa sindano kila mwaka na haumwi? Marehemu alikunja mkono wa shati, akaandikwa namba 14 katika daftari la wenye afya. Majina yalifungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao yeye.

Alikuwa mkali, tusifichane. Lebo yenye mwandiko mbaya iliandikwa upya mbele yake, na nyumbani hata kopo la chumvi lilikuwa na tarehe. Lakini vinyama vya figo, yaani vipande vidogo vilivyotolewa kwa wagonjwa, alivyovigandisha kwenye nta na kuvikata vilikuwa vyembamba mno, na madaktari walisema kwamba akikata yeye, darubini haina la kuficha.

Mwaka 2013 kipimo cha namba 14 kilipanda. Daktari aliyesimamia hesabu alikuja na karatasi mkononi.

"Mzee, huyu kumi na nne anatuharibia mchoro. Haumwi, halafu damu inasema figo inaumia? Kichupa kilikaa nje ya friji tu. Tumfute."

"Umemuuliza kama anakubali kufutwa?"

"Nitamuuliza wapi? Simjui."

"Unaongea naye."

Daktari alikaa chini. Marehemu alitoa kichupa kingine, akapima mara tatu. Jibu likawa lile lile. Wiki iliyofuata alitolewa kinyama cha figo, na ingawa alikatazwa, alikikata mwenyewe. Makovu yalikuwa yameanza. Hakuwa amevimba, hakuwa amechoka, hakuwa na dalili yoyote. Damu ilikuwa imetangulia kusema kweli, na walikuwa karibu kuifuta.

Kosa lake lilikuwa kumficha mkewe habari hiyo kwa miezi minne. Mama yetu alipojua, alisema, "Watu wanaokujua kwa namba wamepata habari kabla yangu mimi ninayekufulia mashati?" Marehemu aliomba radhi, na kuanzia siku hiyo alimsomea kila kipimo kabla ya chai.

Alitibiwa mapema, akaongezewa miaka. Maabara nayo ikaweka kanuni yake ukutani: jibu lisilokupendeza, lipime mara tatu kabla hujaligusa. Kwa kanuni hiyo, wengine sita wa daftari lile waligunduliwa mapema. Baadhi yao wapo hapa leo. Hatuwataji, maana atafufuka atugombeze.

Alistaafu mwaka 2015, lakini kila Januari alirudi kutoa damu. Septemba 2024 figo zilianza kuishiwa nguvu. Januari mwaka huu daktari yule yule alimfuata wodini.

"Tone moja tu, Mzee."

"Mwongo mkubwa. Nimekufundisha vibaya." Akanyoosha mkono. "Mmeshanihamishia kwa wagonjwa?"

"Hapana. Uliingia ukiwa na afya, na ulitufundisha mwenyewe kwamba mtu hahamishwi daftari."

Alicheka hadi akakohoa. "Basi mtazika mtu mwenye afya."

Alifariki tarehe 11 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, akiwemo binti anayesoma maneno haya kwa shida, wajukuu watano, dada wawili, na katika friji ya maabara, damu ya miaka ishirini na tisa iliyoandikwa 14. Lebo zote ni za mwandiko wake isipokuwa ya mwisho, ambayo daktari aliiandika mara tatu hadi ikawa nzuri.

Mkono uliochoma wengi na kukubali kuchomwa, sasa upumzike kwa amani.