Utafiti Uliokaliwa

Jioni ile mvuke wa kahawa ulipanda taratibu ukajichanganya na mwanga wa mwisho, hata kona nzima ikawa kama inaelea. Watu watatu walikuwa wameketi kwenye benchi lililopinda kama mwezi mchanga, magoti yameelekeana. Aliyelichonga, binti waliyemwita Daktari Mtarajiwa, alisimama pembeni akiwatazama kama mtu anayeaga. Kesho chuo kingeamua kama anastahili udaktari wa usanifu, na benchi lilitakiwa huko mapema.

— Hebu niambie, mwanangu, akasema Mkasi, kinyozi wa pale. Daktari wa mabenchi anamtibu nani?

— Upweke. Nilitaka kujua kama kiti kinaweza kuwafanya watu wasiojuana wazungumze.

— Na umejua?

— Mtahini mmoja anasema jibu ni benchi lenyewe. Mwenzake anasema hizo ni mbao tu, jibu liwe kwenye maandishi. Wakivutana hivyo kesho, nitakayechanika ni mimi.

Bwana Saa, fundi wa saa, akapuliza kikombe chake.

— Watafiti wengine wanachunguza kilichopo. Nyie wasanifu mnachunguza ambacho bado hakijawa. Hiyo ni ndoto yenye vipimo, binti.

— Basi ndoto nayo ivalishwe joho! akadakia Mama Kahawa, birika mkononi. Mimi na Mkasi tulinuniana mwaka mzima. Tulipokaa hapa magoti yakagongana, nikamsamehe.

— Ulinisamehe lini? Mbona sikuambiwa?

— Siku niliyokuongezea sukari.

— Mimi nahisi benchi ndilo linalotutafiti sisi, akasema Bwana Saa, macho ameyafumba nusu. Tukiondoka, linabaki likiyapanga maneno yetu.

— Kumbe! akasema Mama Kahawa. Basi udaktari lipewe lenyewe, huyu mtoto akapumzike!

Daktari akacheka mpaka akajishika mbavu. Alikijua kila kiungo cha benchi lile, lakini hakujua kicheko hiki kilikaa upande gani wa mbao, wala angekiandikaje kwenye utafiti wake.

Pikapu ikasimama. Dereva, mgeni kabisa, akashuka.

— Habari za jioni, wakubwa. Nimetumwa kuchukua utafiti wa chuo. Ndio upi?

Mkasi akanyoosha kidole kwenye benchi, kidole kikasita. Bwana Saa akamtazama Mama Kahawa, naye akamtazama Daktari. Daktari alitaka kusema ni benchi, kisha akajiuliza kama si hao waliolikalia. Akaziangalia mbao, akayaangalia magoti yaliyogusana, akauangalia mvuke uliopita katikati yao.

Dereva akaegemea gari lake, akawasubiri waamue.