Papa Barthélemy na Jiwe la Clairwood

Wapendwa waombolezaji, watumishi wa Mungu, majirani wa Cato Manor na nyote mliotoka Queensburgh na mbali zaidi, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya baba yetu, kama alivyotuagiza yeye mwenyewe, bila kuyapunguza.

Marehemu Barthélemy Wilondja Asukulu alizaliwa Baraka, wilayani Fizi, tarehe 9 Agosti 1960, akiwa mtoto wa tatu wa Papa Asukulu na Mama Nyassa, akasoma shule ya msingi hapohapo Baraka, kisha akaenda Uvira kusomea Biblia, na huko ndiko mwalimu mmoja alikomfundisha jinsi Wakristo wa kale, kule Roma na Misri, walivyoyachukua mahekalu ya wapagani, wakazivunja sanamu, wakasimamisha msalaba palepale, somo ambalo baba alilipenda kuliko yote.

Tarehe 18 Julai 1987 alifunga ndoa na mama yetu, Ghislaine Riziki, na Mungu akawajalia watoto watatu, Désiré, Tina na Prodige. Vita vilipofika mwaka 1996 walivuka ziwa hadi Kigoma, wakaishi kambini kwa miaka mingi, na mwaka 2004 wakaingia Durban, baba akawa mlinzi wa magari kando ya bahari, baadaye fundi wa kuchomelea vyuma Clairwood, na Jumapili akahubiri katika gereji ya tajiri wake, watu wakikaa juu ya matairi.

Mwaka 2010 kanisa lake lilipata nyumba ya kupanga hapohapo Clairwood, katikati ya maghala na malori, nayo ilikuwa hekalu dogo la Wahindi, ambao serikali ya zamani ya ubaguzi iliwahamisha kwa nguvu ikawapeleka Chatsworth, na kiwanja kikauzwa. Ndani yake lilibaki jiwe moja refu lenye uso wa mwanamke, kwa sababu wazee wao walikatazana kulisogeza, na kila Ijumaa mama mmoja aitwaye Saroja Naicker, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waliolijenga hekalu lile na ambaye yeye mwenyewe aliolewa mle ndani, alipanda taxi kutoka Chatsworth kuja kuliwekea maua na kuliwashia taa.

Ijumaa moja baba alilivunja jiwe lile kwa nyundo, kwaya ikiimba, na vipande vyake akavijengea chini ya madhabahu mpya. Mama Saroja alifika siku hiyohiyo, akasimama mlangoni na maua yake, na baba akamwambia mbele ya watu wote, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga:

"Mama, hii sasa ni nyumba ya Mungu. Nyinyi mtapata pengine pa kuabudu."

"Mwanangu," akajibu yule mama, "na jana ilikuwa nyumba ya nani?"

Baba alicheka, na kanisa zima likacheka, na sisi watoto wake tukacheka pia, na kwa miaka tisa alikisimulia kisa hicho kwenye mahubiri kama ushindi, akiiga hata sauti ya yule mama, watu wakipiga makofi.

Mwaka 2019 kiwanja kiliuzwa tena, safari hii ili kuwa maegesho ya malori, na baba akaenda ofisini kwa mnunuzi kumsihi, akamweleza kwamba pale ni mahali patakatifu, kwamba watoto wetu wamebatizwa pale na wengine wameolewa pale, na kijana wa ofisini akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamwambia, "Pole, baba. Ni jengo tu. Mtapata pengine."

Alirudi nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua viatu. "Ghislaine," akasema, "ile mama Muhindi, nilimwambia neno lilelile, na mimi nilicheka juu yake." Mama anasema alikuwa hajawahi kumwona mumewe akiinamisha kichwa namna ile, hata kambini.

Kesho yake, yeye na Désiré waliibomoa madhabahu, wakatoa vipande vilivyotoka, wakavifunga kwa kitenge cha mama. Wazee wa kanisa walimwambia, "Papa Pasteur, unarudilia sanamu," wakamwondoa utumishini, naye hakubishana nao. Aliulizia Chatsworth, duka kwa duka, kwa wauza maua, hadi akaonyeshwa nyumba ya binti yake Mama Saroja.

Yule mama alivipanga vipande barazani, akaviosha kimoja kimoja, akavigeuzageuza.

"Uso uko wapi?" akauliza.

"Niliuponda, mama," baba akamjibu. "Uliingia kwenye zege."

Mama Saroja aliingia ndani, akafunga mlango. Baba alirudi tena mara kadhaa, na kila mara binti alimpa chai pale barazani, lakini mama hakutoka. Alipofariki mwaka 2021, baba alikwenda mazishini, akasimama ng'ambo ya barabara mpaka watu wakaondoka.

Tangu mwaka 2022 baba aliugua kisukari, kikafika kwenye figo, na asubuhi ya tarehe 3 Juni mwaka huu akatutoka hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, mafundi wenzake wa Clairwood waliolitengeneza jeneza hili, na kanisa, pamoja na wazee ambao leo wamekuja kumsindikiza. Tunamshukuru pia binti wa Mama Saroja na wanawe, waliokaa pale nyuma. Baba alituagiza tusiseme hapa kwamba alisamehewa, kwa kuwa hakuambiwa hivyo, wala tusiwaombe hao neno lolote, ila tuseme tu kwamba aliona haya mpaka mwisho, na kwamba sisi tuliocheka siku ile tunaona haya pamoja naye.

Nenda, baba yetu, pumzika kwa amani, kama Mungu atakavyokujalia.